Mwaka wa kwanza wa sayansi za tiba: kutoka matokeo ya kidato cha sita hadi mtihani wa mifupa

Kila mwezi wa saba, NECTA wakishatoa matokeo ya kidato cha sita, simu yangu haipumziki. Binamu wa Tukuyu, mtoto wa jirani yetu wa zamani pale Uyole, binti wa mchungaji kutoka Mafinga, wote wanauliza yale yale. Nisome kozi gani? Nianze na kitabu kipi? Ni kweli kuna maiti? Nitaweza? Mimi ni mtu wa maabara ya hospitali hapa Mbeya, na njia hiyo nimeipita kwa kujikwaa. Nimechoka kuandika jibu moja mara ishirini kwenye WhatsApp, basi nimelikusanya hapa.

Jambo moja ulibebe tangu mwanzo. Wanaoanguka mwaka wa kwanza si wajinga. Wengi walikuwa vinara wa shule zao. Wanaangushwa na kusoma chuo kama walivyosoma sekondari: kukusanya madesa (maandishi ya waliotangulia), kukariri usiku wa kuamkia mtihani, basi. Mwili wa binadamu haukaririki hivyo. Unashikwa, unachorwa, unasemwa kwa sauti, kila siku kidogo.

Kabla hujaripoti, uwe na hivi

- Makoti meupe mawili ya mikono mirefu, kitambaa cha pamba. Nunua kitambaa mwenyewe umpe fundi pale Mwanjelwa. Usikubali ya nailoni, karibu na moto wa maabara inayeyuka na kuganda kwenye ngozi.
- Boksi la glovu za saizi yako. Glovu kubwa inakunyima hisia za vidole.
- Kaunta buku mbili nene, na penseli za rangi tatu: nyekundu ya ateri, bluu ya vena, njano ya neva.
- Chanjo ya homa ya ini aina ya B. Dozi ya pili inafuata baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Ukisubiri mpaka uanze kushika damu za watu, umechelewa.
- Cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wale wa vizazi na vifo, kama unaomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo. Hili lifanye mapema kuliko yote, foleni yake haina huruma.
- Sweta zito. Wanaotoka Kyela hunicheka nikilitaja, kisha Juni inafika.

Kompyuta mpakato ni nzuri lakini si ya lazima mwaka wa kwanza. Simu yenye nafasi ya kutosha inatosha.

Hatua ya 1. Soma jina la kozi mpaka neno la mwisho

Wengi hupotea hapa hata kabla ya kuingia darasani. Sayansi za tiba ni ukoo mkubwa. Anayetaka kuwa daktari anaomba udaktari wa binadamu, ile MD: miaka 5 chuoni, kisha mwaka 1 wa intanishipu hospitalini. Hapa Mbeya inafundishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia ndaki yake ya afya, MCHAS, na mazoezi yanafanyika Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Shahada ya maabara ya tiba inakutoa mtu wa maabara kama mimi. Famasia inakutoa mfamasia, uuguzi muuguzi. Ziko pia shahada za sayansi tupu, kama mikrobiolojia na baiolojia ya molekuli, ambazo zinaelekea kwenye utafiti, na kwa utafiti huo huna haja ya kwenda mbali, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kipo hapa hapa Mbeya. Ukiona neno "bayomedikali" limefuatwa na "enjiniaringi", hiyo ni kozi ya mafundi wa mashine za hospitali. Ni kazi nzuri sana, ila mgonjwa utamwona kwa mbali.

Kosa la kawaida: kuchukua shahada ya maabara kwa kudhani ni ngazi ya kupandia udaktari. Hilo wanalitoa kwenye video za Marekani. Kule mtu husoma shahada ya kwanza kwanza, ndipo aombe shule ya udaktari. Kwetu unaingia MD moja kwa moja kutoka kidato cha sita. Ukimaliza maabara ukaitamani MD, jiandae kuomba upya na kukaa darasani na watoto wa juzi.

Kwa MD unadaiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Mwenye CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) asijidanganye, Fizikia haina mbadala. Waliosoma stashahada ya utabibu wana mlango wao, na GPA isiyopungua 3.0 ndiyo ufunguo. Zaidi ya hapo fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cha mwaka wako. Cha mwaka wa kaka yako kiache kabatini.

Hatua ya 2. Tumia miezi ya kusubiri

Kati ya matokeo na kuripoti kuna miezi kadhaa. Usinunue kitabu kikubwa cha anatomia ukaanza ukurasa wa kwanza, utakufa moyo kabla ya Agosti. Fanya mawili tu.

La kwanza, rudia baiolojia ya seli na kemia ya kaboni mpaka uweze kumfundisha mdogo wako. Bayokemia, yaani kemia ya mwili, yote imejengwa juu yake.

La pili, jifunze mizizi ya maneno. Maneno ya tiba ni matofali ya Kigiriki na Kilatini: gastro ni tumbo, hepa ni ini, nefro ni figo, kardio ni moyo, emia ni habari za damu, itisi ni uvimbe unaowaka, haipo ni pungufu, haipa ni zaidi. Ukiyajua hayo, gastritisi na nefritisi hazikutishi tena, na haipoglaisemia unaifungua mwenyewe kama karanga: pungufu, sukari, damu. Matofali matano kwa siku, uyaandike nyuma ya daftari. Ukifika Oktoba una mia kadhaa, na mhadhara wa kwanza utausikia wakati jirani yako anauandika tu.

Hatua ya 3. Siku ya kwanza mbele ya mwili

Ndiyo, kuna maiti. Tunaiita kadava. Imehifadhiwa kwa formalini, na harufu yake ndiyo itakayokupokea mlangoni, inachoma macho na pua. Kunywa chai na kitafunwa kizito asubuhi hiyo, wanaozimia wengi wana njaa. Usisimame umekaza magoti. Ukiona kizunguzungu kaa chini sakafuni, hapo hapo, bila aibu. Mwaka wetu aliyeanguka wa kwanza ndiye aliyekuwa akitucheka kwenye foleni.

Onyo, na hili sina mzaha nalo: usipige picha. Usimpe mwili jina la utani. Huyo alikuwa mtu wa watu. Simu ibaki kwenye begi, chakula kibaki nje, na ukitoka nawa mikono kwa sabuni hata kama ulivaa glovu.

Hatua ya 4. Mifupa, mkononi na si kwenye skrini

Binadamu mzima ana mifupa 206. Mimi niliisoma yote kwenye picha za simu, nikajiona nimeiva. Kwenye jaribio la kwanza nikapewa mfupa wa paja nikaulizwa, wa kulia au wa kushoto? Nikasema wa kulia kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Mwalimu akauchukua, akauweka kwenye paja langu mwenyewe. Kile kichwa cha mviringo kilikuwa kinatazama nje, kama mguu uliovaliwa kinyume.

Kwa hiyo fanya hivi kwa kila mfupa:

a) Ushike macho yakiwa yamefumba. Tafuta kwa vidole panapokwaruza, panapoteleza, penye shimo.
b) Amua juu na chini, mbele na nyuma, ndani na nje. Kwa mfupa wa paja, kichwa kinakaa juu na kinatazama ndani kuelekea nyonga, na ule mgongo mrefu unaokwaruza unakaa nyuma.
c) Uweke juu ya mwili wako. Ukikaa sawasawa umepata upande wake.
d) Uchore bila kuangalia, kisha linganisha. Mchoro mbaya uliouchora mwenyewe unafundisha kuliko mchoro mzuri ulioupiga picha.
e) Malizia kwa kusema nini kinashikilia pale, na nini kinapita pale. Mtihani uko hapo.

Omba chuo kikuazimishe mifupa, mara nyingi huazimwa kwa kundi. Msigawane kwamba wewe mkono mimi mguu. Kila mtu ashike kila kitu.

Na madesa ya kaka zetu? Yatumie kujua mtihani unapendelea wapi, si kujifunzia. Desa nililorithi mimi lilikuwa limenakiliwa mara nyingi mpaka ileum ikawa ilium. La kwanza ni kipande cha utumbo mwembamba, la pili ni mfupa wa nyonga. Herufi moja, na utumbo umehamia kwenye mifupa.

Hatua ya 5. Nenda buchani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na chuo hakuna atakayekwambia. Moyo wa kwenye kadava umekaa kwenye formalini mpaka umekakamaa, na mnauangalia watu kumi. Moyo wa ng'ombe unauzwa buchani, ni wako peke yako, na jioni unakuwa mboga.

Nenda asubuhi, kabla hawajaanza kukatakata. Mwambie muuza nyama aache mabomba ya juu, asiyakate karibu. Utakuta moyo una mikato ya kisu. Usimlaumu, mkaguzi wa nyama huukata kutafuta mabuu ya tegu.

Ukifika nyumbani uoshe, uweke kwenye sinia. Bonyeza upande mmoja, bonyeza na wa pili. Upande wa kushoto ni mgumu kama goti, wa kulia ni laini. Upasue uone kwa nini. Ukuta wa ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto ni mnene takriban mara tatu ya ule wa kulia, kwa sababu kushoto kunasukuma damu mwili mzima na kulia kunaisukuma mpaka kwenye mapafu tu. Tafuta zile nyuzi nyeupe zinazoshikilia vali, uzivute kwa kidole, na vali itafuata kama pazia. Sasa mimina maji polepole kwa juu ndani ya aota, lile bomba kubwa linalotoka upande wa kushoto. Kama kisu hakikufika kwenye vali, vile vifuko vitatu vitajaa na kufunga, na maji yatasimama. Ukishaliona hilo mara moja, sauti ya pili ya moyo hutaikariri tena. Ni milango hii ya juu ikifungwa.

Ukigusa kitu kigumu karibu na mzizi wa aota, usikimbilie kuandika ugunduzi. Ng'ombe ana kimfupa ndani ya moyo, binadamu hana.

Kwa figo, onyo: usinunue la ng'ombe. Lina mabonge mabonge kama shada la zabibu, litakupotosha. La mbuzi lina umbo la harage kama letu. Kwa anayekula kitimoto, la nguruwe ndilo linalotukaribia zaidi, nje laini na ndani piramidi nyingi. Ukiwa kwenye nguruwe fungua macho: vitone vyeupe kama punje za mchele kwenye nyama ni mabuu ya tegu, na nyanda zetu hizi za juu kusini zinayafahamu sana. Nyama hiyo usiile, mwonyeshe muuzaji. Parasitolojia umeipata bila ada.

Hatua ya 6. Fiziolojia, jipime mwenyewe

Hesabu ya kuanzia ni hii. Moyo ukisukuma mililita 70 kwa pigo, mara 72 kwa dakika, unapata karibu lita 5. Damu yako yote, takriban, inazunguka kila dakika. Sasa pima mapigo umekaa, panda kilima cha Loleza mpaka ushindwe kuongea, pima tena, kisha kaa chini ueleze kwa maneno nini kilibadilika na nani alitoa amri. Ukiweza kueleza bila daftari, mada imeisha.

Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hilo lina somo lake. Hewa ikiwa nyepesi mwili hutengeneza hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, zaidi kidogo, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hurekebisha kipimo cha upungufu wa damu kulingana na mwinuko wa mahali. Swali la namna hiyo likija, mwenzako wa Dar anakariri, wewe unajieleza.

Hatua ya 7. Bayokemia bila machozi

Usikariri hatua zote 10 za glaikolisisi, njia ya seli ya kuvunja sukari, siku moja. Anza na mahesabu: unatumia ATP (sarafu ya nishati ya seli) 2, unapata 4, faida 2. Kisha jifunze vimeng'enya vitatu visivyorudi nyuma, hao ndio walinzi wa geti. Vingine vijaze baadaye. Na kila njia uitafutie mgonjwa. Chembe nyekundu ya damu haina mitokondria, kwa hiyo inaishi kwa glaikolisisi peke yake. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, akipewa primakwini, dawa ya malaria, chembe zake zinaweza kupasuka. Njia yenye mgonjwa haisahauliki.

Hatua ya 8. Kundi la watu wanne na kanuni ya lugha mbili

Watu wanne. Wakizidi mnapika chai. Kila jioni mmoja anasimama na kueleza mada ya siku bila kuangalia daftari, mara mbili. Kwanza kwa Kiswahili, kama anamweleza mama yake kwa nini kisukari kinamfanya akojoe sana. Halafu kwa Kiingereza, kama atakavyoandika kwenye mtihani. Ukikwama kwenye Kiswahili hujaelewa. Ukikwama kwenye Kiingereza umeelewa ila huna maneno, na maneno yanatafutwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Watu wanapoteza muhula mzima kutibu lisilowauma.

Mada hiyo irudie siku ya tatu, kisha siku ya saba, dakika chache tu, ukijiuliza maswali. Kusoma tena na tena huku umepaka wino wa njano kunakupa usingizi na kujiamini kwa uongo.

Hatua ya 9. Mtihani wa kengele

Utakuta meza zimepangwa, kila meza ina kiungo chenye pini au darubini yenye slaidi. Kengele ikilia unahama, hurudi nyuma. Jizoezeni hivyo hivyo hosteli: mifupa mezani, mmoja anashika simu na kuhesabu dakika moja moja. Soma swali kabla ya kuangalia pini, wakati mwingine wanauliza neva inayopeleka habari pale na si jina la kile unachokiona. Ukishindwa kituo kimoja, kiache. Wengi nimewaona wakipoteza vituo vitatu kwa kuomboleza kimoja.

Mambo yakienda kombo

Simwelewi mwalimu kabisa. Soma mada kabla ya kipindi, robo saa tu, ukitafuta maneno magumu peke yake. Kipindi kinakuwa mara ya pili kukutana nayo, si ya kwanza.

Nimepata sapu, yaani mtihani wa marudio. Usijifungie chumbani. Omba kuona ulipokosea kama chuo kinaruhusu, na utenganishe makosa ya kutojua na makosa ya kutosoma swali. Sapu moja haikufukuzi. Kinachowafikisha watu kudisko, yaani kufukuzwa chuo, ni kuifanya sapu kwa njia ile ile iliyoileta.

Bumu, yaani pesa ya mkopo, limechelewa. Litachelewa. Gunia la viazi na debe la mahindi kutoka nyumbani yaje siku unayoripoti, usingoje njaa ikufundishe. Kwa watoto wa huku kwetu hilo si aibu, nusu ya hosteli inafanya hivyo.

Siwezi kulala baada ya maabara ya anatomia. Wiki za mwanzo ni kawaida. Ongea na mwenzako au na mshauri wa wanafunzi. Ikipita mwezi bado unaamka usiku, nenda umwone mtu wa afya ya akili, hospitali zipo na ni haki yako.

Sioni kitu kwenye darubini. Anza na lenzi ndogo, daima. Shusha meza, weka slaidi sawasawa, ongeza mwanga taratibu. Lenzi ya mara 100 inahitaji tone la mafuta, zile nyingine hazitaki. Ukiyapaka mafuta kwenye ya mara 40 utaona ukungu mpaka jioni na fundi wa maabara hatakusamehe.

Harufu ya formalini imeingia kwenye sweta. Usivae sweta ndani ya koti ukiwa maabara, liache kwenye begi hata kama kuna baridi. Koti lifue peke yake, usilichanganye na nguo za kulalia. Na sasa unajua kwa nini nilisema mawili: mvua za Januari hapa Mbeya, koti ulilolianika Jumapili jioni Jumanne asubuhi bado lina unyevu, na kipindi cha anatomia ni saa mbili.